Lumbesa ya Watu

Nina ugomvi na neno moja la gerejini: kuinua. Mwenye gari anafika, anamwonyesha fundi namna gari lake linavyokaa chini upande wa nyuma, anasema, "Niinulie." Fundi analipiga jeki, anachomeka raba katikati ya mizunguko ya springi au anaweka speza juu yake. Kama ni pikapu, anaongeza pleti kwenye springi za nyuma. Baada ya muda mfupi gari limesimama, nyuma juu mbele chini, na mwenyewe anatabasamu. Analipa, anaondoka, anapakia mzigo uleule uliolilaza jana.

Swali langu ni dogo: hapo kimetengenezwa nini?

Nasema hakuna kilichotengenezwa. Gari lililokuwa linalalamika limenyamazishwa. Springi inayobonyea mpaka mwisho inatoa taarifa kwamba mzigo umezidi. Ukiiziba mdomo, mzigo haupungui hata gramu moja. Ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kushusha homa kisha ukamrudisha shambani. Joto limeshuka na vimelea wamebaki, tofauti ni kwamba sasa ukimgusa paji la uso hujui tena kama anaumwa.

Barabara ninazozisema ni mbili. Moja inatoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kupitia Zombo na Ulaya. Nyingine ni ile kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kwa wasiofika huku, Ulaya hiyo ni kata ya wilaya ya Kilosa. Nauli yake ni ya shilingi na viza haihitajiki.

Usafiri wa huku kwa wengi wetu ni mchomoko, yaani Probox, Noah, Wish, gari lolote dogo linaloweza kujazwa na kuondoka. Tangu mwaka 2024 abiria wa treni ya SGR anaweza kushuka Kilosa kutoka kwenye kiti chenye namba, ambacho hakuna mtu mwingine aliyeuziwa. Akitoka nje ya stesheni anaambiwa, "Dada, jibane kidogo, bado mmoja." Ndani ya dakika tano ametoka kwenye chombo kinachohesabu watu na kuingia kwenye chombo kinachohesabu nauli.

Tuhesabu basi. Dereva mmoja. Pembeni yake abiria wawili wanagawana kiti kimoja, goti la mmoja likigusa gia. Katikati wanne, bila kumtaja mtoto aliyepakatwa. Kwenye buti watatu, magoti kidevuni, migongo kwenye kioo. Jumla kumi. Juu ya keria gunia la mchele la kilo 100, na mabegi, ndoo na kuku tuseme kilo 50.

Sasa tulisikilize gari lenyewe. Probox ilianza kuuzwa Japan mwaka 2002 kama gari la kazi za mjini, la kupeleka vifurushi na kumfikisha fundi wa umeme kwa mteja. Ile ya mizigo imeandikiwa huko kwao kubeba watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Ikiwa tupu ina uzito wa karibu kilo 1,050. Ukijumlisha gari, watu watano kwa hesabu ya Wajapani ya kilo 55 kila mmoja, na zile kilo 250, unapata kilo 1,575. Hapo ndipo waliolichora waliposema basi.

Gari letu la Kilosa lina watu kumi. Tuwape kilo 65 kila mmoja, maana huku watu wanalima na wanakula. Ni kilo 650. Ongeza 150 za juu na 1,050 za gari lenyewe. Tumefika 1,850. Tumezidisha kilo 275, na tumezipanga mahali pabaya kuliko pote: kwenye buti nyuma ya ekseli, na juu ya paa.

Tanzania tunalo neno kwa jambo hili, ila tumelifungia sokoni. Neno ni lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, na linauzwa kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo anapambana nalo, sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na wakuu wa wilaya wanalikemea mikutanoni. Wana haki, kwa sababu lumbesa inamwibia mkulima. Lakini lumbesa ikishapakiwa kwenye keria ya mchomoko, haimwibii mkulima peke yake. Na zile roho tatu zilizokunjwa kwenye buti ni nini kama si kilemba? Ni lumbesa ya watu. Hiyo hatuikemei. Tunaikalia.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye gari haubebi yeye, konda haubebi yeye. Unabebwa na matairi manne, na kila tairi linagusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Kila unachokiomba kwenye gari, kukata kona, kusimama, kukwepa, kinapita kwenye viganja hivyo vinne. Hakuna raba ya gerejini inayoongeza cha tano.

Ubavuni mwa tairi kuna namba inayosema uzito linaoruhusiwa kubeba. Tairi la gari dogo lenye namba 82 limeruhusiwa kilo 475. Mawili ya nyuma, 950. Gari letu la kilo 1,850 likiegemeza sehemu sita kati ya kumi nyuma, na kwa upakiaji huu hiyo ni hesabu ya huruma, ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,110. Kila tairi la nyuma limezidiwa kilo 80, kabla hujagusa shimo la kwanza. Tairi lililozidiwa linabonyea zaidi kila linapozunguka, linachemka kutoka ndani, na likikosa upepo wa kutosha linachemka zaidi. Siku likipasuka tutasema "lilipasuka tu". Hakuna tairi linalopasuka tu. Linapasuka baada ya safari nyingi za kuzidiwa.

Njoo kwenye springi na shokapu. Wengi tunavichanganya. Springi inabeba na kurusha. Shokapu inatuliza ule mrusho, ili tairi libaki limeshikamana na njia. Vinafanya kazi kwa mapatano, na kiwandani vilipimwa pamoja. Fundi anapofanya springi iwe ngumu kwa raba au pleti, halafu akaacha shokapu zilezile za zamani zinazovuja mafuta, amemwongezea ng'ombe nguvu na kumwachia mchungaji fimbo ya mtoto. Kwenye vumbi lenye vijituta kama bati, gari la namna hiyo linadunda. Tairi likiwa hewani, hata kwa kufumba na kufumbua, halishiki chochote. Usukani unaugeuza na gari linaendelea lilikokuwa linakwenda. Mzigo wa nyuma ya ekseli nao unafanya kama pembea: unashusha mkia na kupunguza uzito wa pua. Matairi ya mbele, yanayoongoza na kufanya kazi kubwa ya kusimamisha, yanaanza kugusa njia kwa adabu tu. Madereva wanalijua hilo, wanasema "sterini imekuwa nyepesi", na wengine wanalisema kama sifa.

Kuhusu breki, ninaomba kila mwenye pikapu asome polepole. Hilux na Hiace nyingi zina kifaa kidogo huko nyuma chini, vali iliyounganishwa kwa fimbo kati ya bodi na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi mepesi yasijifunge na kuserereka. Gari likipakiwa, bodi inashuka, fimbo inasogea, vali inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi kamili. Ni akili nzuri, na haina hata waya mmoja wa umeme. Inategemea kitu kimoja tu: gari liruhusiwe kushuka linapobeba.

Sasa liinue. Pakia tani moja, na bodi bado iko juu kwa sababu ya pleti ulizoongeza. Ile fimbo isiporekebishwa, vali inaamini gari ni tupu na inabana breki za nyuma, siku hiyohiyo unayozihitaji kuliko siku zote. Umelifundisha gari kujidanganya lenyewe.

Na breki ni joto, hakuna uchawi. Mwendo wote wa gari lazima ugeuke joto kwenye pedi na ngoma. Probox yenye watu wawili ina karibu kilo 1,200. Yetu ina 1,850. Kuisimamisha hiyo ya pili kutoka kilomita 80 kwa saa kunazalisha joto karibu mara 2.7 ya kuisimamisha ile ya kwanza kutoka kilomita 60. Rudia hivyo kwenye mteremko, kona baada ya kona, mpaka mafuta ya breki yachemke na pedali izame mguuni. Kisha watu waseme "breki zilifeli", kama vile breki ni mwanafunzi mzembe.

Limebaki jambo la kimo. Kila gari lina kitovu cha uzito, mahali ambapo uzito wake wote ungeweza kukusanywa ukawa nukta moja. Linganisha urefu wa nukta hiyo kutoka chini na nusu ya upana kati ya tairi la kushoto na la kulia. Ukigawanya nusu ya upana kwa urefu, unapata namba inayokuambia gari linapenda kupinduka kiasi gani. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo hatari inavyopanda. Kwa makadirio, gari letu na watu wake kumi, kabla ya mzigo wa juu, lina kitovu sentimita 62 kutoka chini na nusu ya upana ya sentimita 72. Namba yake ni 1.16. Weka kilo 150 kwenye keria, kimo cha sentimita 170. Kitovu kinapanda hadi karibu 71, na namba inashuka hadi 1.01. Mwite fundi aliinue kwa sentimita tano. Kitovu ni karibu 75. Namba ni 0.96.

Lami kavu humpa tairi nguvu ya kusukuma pembeni inayokaribia sehemu nane kati ya kumi za uzito wake. Gari lenye 1.16 likilazimishwa kona kali, mara nyingi matairi yanateleza kabla halijanyanyuka. Dereva anaogopa, lakini anabaki na magurudumu manne chini. Gari lenye 0.96 limekula karibu akiba yote hiyo, na bado hatujahesabu bodi inayolala upande mmoja kwenye kona, wala watu kumi wanaomiminika upande huohuo kwa pamoja, wala ukingo wa lami tairi linaposhuka kwenye mchanga. Hapo halitelezi tena. Linapinduka.

Sasa peleka gari hilo hifadhini saa moja jioni. Huko pundamilia, nyati, twiga na tembo wanavuka barabara kwenda wanakotaka, nao hawakusoma alama. Anatokea mnyama. Dereva anakata kulia, anakata kushoto kurudi kwenye njia yake. Ni sekunde mbili au tatu. Jaribio hilohilo lina jina huko Sweden. Linaitwa jaribio la moose, kwa jina la mnyama wao mkubwa wa jamii ya kulungu anayependa kusimama katikati ya barabara. Mwaka 1997 gazeti moja la magari la huko, Teknikens Värld, lilijaribu Mercedes-Benz A-Class mpya kwa kona hizo mbili, likapinduka. Kampuni yenye jina kubwa kuliko karibu zote duniani ililazimika kusimamisha mauzo, kurekebisha springi na shokapu, na kufunga kifaa cha kielektroniki cha kudhibiti kuserereka kwenye magari yote ya aina hiyo. Gari lilikuwa jipya na halijawahi kuguswa na fundi yeyote wa mtaani. Sisi Mikumi nasi tuna wanyama barabarani, na magari yetu hakuna aliyeyajaribu baada ya kuyabadilisha. Tunayajaribu na abiria ndani.

Kama bado unadhani nalia na Probox peke yake, kumbuka onyo la mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, la mwaka 2001. Lilihusu mabasi madogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu 15. Yakiwa na watu kumi au zaidi, katika ajali za gari moja peke yake, yalipinduka kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya yale yenye watu wachache. Hayakuwa yamezidisha. Yalikuwa yamejaa tu. Kujaa peke yake kunabadilisha tabia ya gari.

Nilimuuliza fundi mmoja pale Mikumi kwa nini wateja wake wanapenda sana kuinua. Hakujidai mjinga. "Dada yangu," alisema, huku akifuta mikono kwa mabaki ya shati, "gari likilala, trafiki analiona toka mbali. Likisimama, anaona gari zima." Nilimheshimu kwa ukweli wake, na siku hiyo nikaelewa kwamba tunachokiita marekebisho ni vazi tu. Gari linavishwa ili lipite.

Nani basi anapima? Mizani ya TANROADS ipo Mikumi hapahapa. Inafanya kazi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019. Lori haliruhusiwi kuzidi tani 56 kwa jumla, na kila ekseli ina kikomo chake. Sababu ni ya kisayansi na ni nzuri: majaribio ya Marekani ya miaka ya 1950 mwishoni yalionyesha kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu wa barabara unaongezeka kama mara 16. Serikali ina haki ya kulinda lami yake. Lakini sheria hiyo inaanzia magari ya tani 3.5. Probox yenye watu kumi inapita pembeni ya mizani ikipiga honi. Haiiumizi lami, kwa hiyo haimhusu mtu.

Mbele kidogo, hifadhini, kuna bao lenye orodha ya wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja wao. Sina kinyongo na twiga. Naona tu kwamba kwenye barabara hii lami ina mizani, gunia lina Wakala wa Vipimo na mnyama ana bei iliyoandikwa baoni. Anayebaki bila kipimo ni yule aliyekunja magoti kwenye buti.

Najua nitakachojibiwa.

Kwanza, "Toyota ni ngumu." Ni kweli, ni ngumu. Injini itawaka, bodi itavumilia, ekseli haitakatika leo. Ugumu huo ndio unaotudanganya. Gari kutokuvunjika ni jambo moja, gari kutii ni jambo lingine. Punda anaweza kubeba magunia manne bila kufa, lakini usitarajie akwepe simba.

Pili, "dereva wetu ni mzoefu." Naam. Amezoea siku za kawaida, na karibu siku zote ni za kawaida. Anajua gari lake linavyoyumba kidogo na jinsi ya kulituliza. Kile asichoweza kukizoea ni zile sekunde tatu za kukwepa, kwa sababu hazimjii mara ya kutosha ajifunze. Anayepata mara ya kwanza na kupona anaitwa mzoefu. Asiyepona hatumsikii akisimulia.

Tatu, "ajali haina kinga." Hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu inavaa kanzu ya hekima. Mkanda ni kinga. Shokapu nzima ni kinga. Ile vali ya breki ni kinga aliyoiwaza mtu asiyetujua, akaifunga, ikapanda meli hadi bandarini Dar es Salaam, na sisi tukaiharibu kwa raba. Msemo huu hausemwi kabla ya safari ili kuwafundisha watu. Unasemwa msibani ili asiulizwe mtu.

Nne, na hii naipokea kwa uzito wake: "Mnataka kutuondolea usafiri." Mama mjamzito wa Ulaya anayehitaji hospitali ya wilaya Kilosa hana muda wa kusikiliza kitovu cha uzito. Mkulima mwenye gunia lake moja hawezi kukodi lori. Na hesabu ni chungu. Abiria tisa wakiwa wanne, nauli inapanda zaidi ya mara mbili ili mwenye gari apate hesabu ileile. Sitaficha hilo, na sitaki mchomoko uzuiwe kesho asubuhi na watu wabaki wamesimama juani.

Lakini angalia vizuri. Probox mbili zilizojazwa zinabeba abiria 18, kwa madereva wawili, injini mbili, mafuta mara mbili. Coaster moja inabeba zaidi ya hao, kila mtu kwenye kiti, mizigo mahali pake, kwa dereva mmoja na konda. Watu wa Kilosa na Mikumi wapo wa kutosha na nauli wanalipa. Kinachokosekana ni gari linalowafaa. Tunalipa nauli ya basi kwa pamoja, tunapanda gari la vifurushi. LATRA, inayotoa leseni za usafirishaji, na halmashauri, inayoziona barabara hizi kila siku, wanaweza kuzipa njia hizi masharti na unafuu utakaomfanya mwenye mtaji anunue gari la kufaa. Mwenye Probox mbili anaweza kuungana na mwenzake. Kuita lumbesa ya watu "msaada kwa maskini" ni kumwambia maskini kwamba uhai wake ndio punguzo la nauli.

Wala usinicheke wewe uliye Dar, mwenye Crown iliyokatwa springi, matairi membamba ya ubavu mfupi na rimu zilizotoka nje ya bodi, unayekuja Mikumi wikiendi kupiga picha na tembo. Ugonjwa ni uleule. Springi iliyokatwa haina nafasi ya kubonyea. Ukikuta tuta kwa mwendo, bodi inagonga ekseli na tairi linaruka. Mama wa Zombo anabanwa na uhitaji. Wewe umelipia hatari hiyo, tena kwa bei nzuri.

Sisemi gari lisiguswe. Land Cruiser za watalii zinarefushwa, zinakatwa paa, na zinafanya kazi. Gari linaweza kubadilishwa, kwa sharti kwamba ukigusa kimoja unavigusa vyote vinavyokitegemea. Ukiongeza springi, badilisha shokapu. Ukipandisha bodi, rekebisha vali ya breki na taa, maana gari lililolala nyuma linawapofusha wanaokuja mbele, na lililoinuliwa nyuma linamulika vidole vyake. Ukiongeza mzigo, weka matairi yenye namba ya mzigo huo. Na baada ya yote, kikomo kilichoandikwa na kiwanda hakisogei kwa sababu gari limependeza.

Ninachokidai si kikubwa. Ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama usiishie kwenye taa, kizimamoto na stika. Mkaguzi ainame, aangalie kama kuna raba kwenye springi na shokapu inayovuja. Fundi anayeinua gari la abiria aandike risiti inayosema ameinua nini na amerekebisha nini. Mizani ya Mikumi iwe na siku za kupima hata gari dogo la abiria, bila faini mwaka wa kwanza, ili mwenye gari aione tu ile namba kwa macho yake. Na sisi abiria, vijana tuliosoma tunaojua kugawanya 72 kwa 75, tuache kujibana kimya kimya. Konda akisema bado mmoja, muulize kwa heshima, mbele ya wote: "Kaka, gari hili limeandikiwa wangapi?" Hatajua. Wenzako nao watagundua kwamba hawajui.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu ni rahisi na halihitaji bajeti. Malori mengi yana uzito wake umeandikwa ubavuni. Mchomoko nao uandikwe, kwenye kila mlango, kwa rangi nyeupe na herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma kwa sauti akiwa amepakatwa na mama yake: WATU 5. KILO 250.